Kanuni za Hati Mpakani Tunduma

Lori la shaba litokalo Zambia kuelekea bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma, mkoani Songwe, katika kituo cha pamoja cha forodha walichokizindua Marais Magufuli na Lungu tarehe 5 Oktoba 2019. Na ijapokuwa maofisa wa dola mbili huketi mahali pamoja, kompyuta zao hazina asili moja, kwani Zambia hutumia ASYCUDA, programu ya forodha ya Umoja wa Mataifa, ilhali Tanzania, iliyowahi kuitumia, iliiacha ikaingia TANCIS, mfumo wake yenyewe.

Mifumo ya namna hii aghalabu hupelekeana habari kwa hati za XML, kaida ya mwaka 1998, ambamo kila taarifa huvishwa lebo yenye jina lake. Tuchukue hati isemayo kwamba shaba pamoja na vifungashio ina kilo 28,000, na shaba yenyewe kilo 29,000: kila nafasi imejazwa, kila nambari ni nambari, na maelezo yote ni muhali mtupu.

XML Schema ya mwaka 2001, na hata RELAX NG iliyo latifu kuliko hiyo, hukagua umbo la hati. Kulinganisha uzito na uzito si kazi yao. Waandishi wengi wa programu, basi, huizika kanuni ya kwamba uzito halisi usipite uzito wa jumla ndani ya mamia ya mistari ya Java, asiweze kuisoma wakala wa forodha wala afisa aliyeidai.

Mimi ningechagua Schematron, lugha ya kanuni aliyoibuni Rick Jelliffe mwaka 1999 na kuidhinishwa kimataifa mwaka 2006, kwa kuwa humo mtu haiamrishi mashine hatua za kufuata, bali hutaja lililo sharti liwe kweli: uzito_halisi <= uzito_jumla. (Hilo < ni alama ya «ndogo kuliko», ambayo XML hairuhusu iandikwe waziwazi mahali hapo; bughudha ndogo, nakiri.) Pembeni yake huandikwa, kwa Kiswahili fasaha, ujumbe atakaousoma wakala kanuni ikivunjwa: «Uzito halisi umepita uzito wa jumla.»

Aidha, kanuni zaweza kugawanywa kwa awamu, nyingine zikaguliwe lori lingali njiani, nyingine baada ya mizani. Umbo tuiachie XML Schema, iliyo nyepesi kwa kazi hiyo. Na Julai mosi, bajeti mpya ya Tanzania ibadilishapo masharti, faili la kanuni ndilo litakalohaririwa, programu isiguswe.