Idi Kando ya Ziwa: Kashata, Taa na Bao la Trei ya Mayai

Familia ya pwani inayohamia Migori au Homa Bay kwa kazi au kwa biashara, aghalabu huanza kwa kuiagiza Idi. Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, simu hupigwa Mombasa: nazi ngapi, halua kilo ngapi, tende, hina, kanzu ya mtoto na kofia yake. Kifurushi husafiri zaidi ya kilomita 800, na aghalabu hufika nazi moja imepasuka na halua imevujia mafuta kwenye kofia. Watoto hula kwa siku mbili, na siku ya tatu hakuna kilichosalia isipokuwa kisanduku.

Kuagiza si kosa, na atakayeletewa halua asiirudishe. Ila akina mama waishio huko wanalijua swali ambalo kifurushi hakilijibu. Mtoto wa Kiislamu wa Migori huenda akawa peke yake darasani, au wakawa wawili. Mwezi wa Desemba huona nyumba za majirani zikipambwa, wageni wakishuka kutoka Nairobi, watoto wenzake wakivaa nguo mpya mtaa mzima. Idi yake ikifika, mtaa hauna habari: soko ni lile lile, bodaboda ni zile zile. Mwenziwe wa Mombasa hupelekwa pembeani Makadara, na wa Unguja huenda Mnazi Mmoja au Kariakoo akarudi na filimbi. Yeye hurudi kutoka msikitini akavua kanzu. Ndipo huuliza: “Mama, sikukuu yetu mbona ndogo?”

Tunavyoona sisi, mtoto aliyeletewa Idi ndani ya boksi ni mgeni katika Idi hiyo. Aliyechambua njugu, akakata mwezi wa karatasi, akapima pishi ya zaka kwa mikono yake, ni mwenyeji. Na vitu vya kufanyia kazi hiyo viko huko huko ziwani, vingine kwa wingi kuliko huku kwetu.

Tuanze na kashata, ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa mali ya pwani. Kashata ya njugu ina vitu viwili vikubwa, njugu na sukari. Njugu karanga hulimwa kwa wingi katika kaunti zote mbili. Sukari nayo haitoki mbali: Awendo, katika kaunti ya Migori, ndipo penye kiwanda cha South Nyanza ambacho watu hukiita Sony, na malori ya miwa ni jambo la kila siku barabarani. Mama wa Migori anayeagiza kashata kutoka Mombasa anakirudisha nyumbani kitu ambacho huenda kilipita mlangoni pake.

Kwa sinia moja ya familia, chukua vikombe viwili vya njugu zilizomenywa maganda ya nje, kikombe kimoja na nusu cha sukari, punje tano au sita za iliki zilizotwangwa, na chembe ya chumvi. Kazi ya kwanza ni ya watoto, na ifanyike mchana penye mwanga: kuchambua. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, wala isipewe kuku, kwa kuwa kuvu inayoota juu ya njugu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haimalizwi na moto wa kukaangia. Wafundishwe pia kwamba njugu chungu hutemwa, haimezwi kwa adabu. Mama akishazikaanga na zikapoa, watoto wazifikiche kwa viganja na kuzipepeta uani kwa ungo. Maganda yatawajaa nywele, nao watafurahi.

Sukari iyeyushwe kavu, bila maji, katika sufuria nzito juu ya moto mdogo, hadi iwe ya rangi ya asali. Hapa watoto waondoke jikoni kabisa. Sukari iliyoyeyuka ina joto linalopita la maji yanayochemka, na ikigusa ngozi hunata. Mimina njugu, iliki na chumvi, koroga mara chache, kisha pindua yote juu ya sinia lililopakwa mafuta. Sawazisha kwa kifimbo cha kusukumia chapati, nacho kipakwe mafuta, na ukate vipande ingali moto. Ukikawia kidogo tu utakuwa na jiwe. Zikipoa, ziwekwe katika mkebe wenye kifuniko kinachobana, maana hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na kashata iliyoachwa wazi hulainika na kunata.

Kashata ya nazi ni habari nyingine. Nazi huko ni msafiri, na bei yake ni ya msafiri. Ikipatikana moja, ni bora iende kwenye wali. Visheti havidai nazi: unga ukandwe kwa samli na maziwa ya ng'ombe, watoto wakaviringa na kukata maumbo wanayoyataka, mama akakaanga na kuvigaragaza katika shira nzito. Ladha si ile ya tui, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe hayawi tui kwa kuambiwa, lakini ni visheti. Na kwa mahamri kuna kitu ambacho pwani tungekionea wivu, nacho ni viazi vitamu vya Kabondo, vinavyosifika Homa Bay nzima. Kikombe kimoja cha viazi vilivyochemshwa na kupondwa, kwa vikombe vitatu vya unga, huyapa mahamri ulaini na hupunguza sukari. Maji ya kukandia yapunguzwe, kiazi kina maji yake.

Kabla ya vitamu hivyo vyote kuna pishi ya zakatul-fitri kwa kila mtu wa nyumba, itolewayo kabla ya sala ya Idi. Nyumba nyingi hii hupimwa na baba usiku, watoto wamelala. Wapewe wao kibaba na gunia. Mtoto wa miaka saba akihesabu pishi ya babake, ya mamake, yake mwenyewe na ya mdogo wake anyonyaye, huwa ameijua zaka kuliko kwa darasa la mwezi mzima.

Kisha kuna mwezi wenyewe. Sisi wa pwani tuna bahari, lakini bahari yetu iko mashariki; jua letu huzama nyuma ya nyumba na minazi, na mwezi mwandamo tunautafuta katikati ya paa. Kwa mtu wa Muhuru Bay au Karungu, magharibi ni maji matupu hadi upeo wa macho. Anga hiyo wazi ni neema kwa mtafuta mwezi. Tena jua huko huchelewa kuzama kwa takriban dakika 20 kuliko Mombasa (ndiyo sababu adhana ya redio ya Mombasa haifuturishi Migori), na wakati huo mdogo huupa mwezi nafasi ya kukua kidogo. Jioni ya siku ya 29, chukueni watoto hadi mahali palipoinuka penye kuona ziwa, pamoja na mtu anayepajua. Viboko hutoka majini kula majani giza linapoingia, kwa hiyo ukingo wa maji si mahali pa kungojea.

Wakiwa huko wataona jambo jingine. Katika miezi ambayo uvuvi wa omena haujafungwa, wavuvi huwasha taa juu ya maji usiku ili kuwavuta samaki hao wadogo. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, na mashua hupumzika. Usiku wa giza ndio wao. Kwa hiyo usiku ule ule tunaoutafutia mwezi mwembamba, ndio usiku ambao ziwa la Mbita na Muhuru hujaa taa mithili ya mji. Mtoto aliyedhani kwamba mtaa wake hauna mapambo ya Idi atazame huko.

Naye atengeneze taa yake. Boksi la biskuti au la viatu hutobolewa miezi na nyota kwa mkasi, kila tundu likafunikwa kwa ndani kwa karatasi nyembamba ya rangi, na tochi ndogo ya sola ikawekwa katikati. Mshumaa usiingie humo kamwe; karatasi na pazia havisameheani na moto. Taa tatu au nne dirishani, kila moja ya mtoto wake, hutosha. Wakati gundi inakauka, wafanyishwe hesabu. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko ule wa kawaida, ndiyo maana Idi huzunguka misimu yote. Kwa hesabu za falaki, mwaka 2033 unatarajiwa kuwa na Idi mbili za Mfunguo Mosi, ya kwanza mapema Januari na ya pili mwishoni mwa Desemba. Kila mmoja aseme atakuwa na umri gani mwaka huo. Kelele zitakuwa nyingi.

Vifuko vya kugawia vitamu navyo vishonwe au vigundishwe nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, nasi hatuna sababu ya kuililia. Karatasi ya kaki iliyokunjwa na kupakwa gundi ya unga wa ngano, ikaandikwa jina la mtoto kwa mkono wa mtoto mwingine, hupendeza zaidi. Waliojaliwa mabaki ya kanga na leso washone vifuko vya kamba, navyo hutumika tena Mfunguo Tatu.

Juu ya hina tuna neno moja zito. Hina ya majani, iliyokorogwa kwa maji ya ndimu na sukari kidogo na kuachwa saa kadhaa, ni salama kwa wengi na rangi yake ni ya kahawia au nyekundu. Piko, ile nyeusi ya haraka, ni rangi ya nywele. Kemikali yake huweza kuichoma ngozi ya mtoto na kuacha kovu la ua lile lile alilochorwa, na aliyeathirika mara moja huweza kuathirika tena ukubwani kila aguswapo na rangi ya nywele. Msichana akilia kwa kutaka nyeusi kama ya bibi harusi, na alie.

Michezo ifanyike baada ya alasiri, na watoto wa majirani waalikwe wote. Tunalisema hili tukijua kwamba baadhi ya wazazi husita. Lakini mtoto aliyekaribishwa Desemba kwa soda na keki hapaswi kuwa na sikukuu ya kujifungia mlango. Pilau ni ya kutosha, na kashata hazijali jina la mlaji. Uwanjani, mbio za magunia na kuvuta kamba huanza bila maelezo. Wasichana wa kule na wa huku wote wanaujua mchezo wa kati, na mpira wake wa matambara hutengenezwa kwa soksi kuukuu na uzi.

Mvua ikinyesha, litoke bao. Trei moja ya mayai 30 ina safu tano za vikombe sita. Kata safu mbili zilizoshikana: hilo ni bao la kwanza. Mbili nyingine ni la pili, na safu inayobaki ikatwe vikombe vya kuwekea kete zilizoliwa. Watoto wapake rangi. Kete ni maharagwe, ingawa aliye na komwe za pwani azitumie. Kila shimo litiwe kete nne, jumla 48. Mchezaji ana mashimo sita ya upande wake. Huchota kete zote za shimo moja, akazipanda moja moja kwa kuzunguka kushoto kwenda kulia. Kete ya mwisho ikitua katika shimo lake lililo tupu, hula zilizo mkabala. Upande mmoja ukiisha kete, zihesabiwe zilizoliwa. Bao la watu wazima lina safu nne na kete 64, nalo lingoje miaka. Pasiwekwe dau, hata la peremende.

Mzee wa jirani akipita, atautambua mchezo, kwani Waluo wana bao lao liitwalo ajua. Huenda akaketi na kuwasahihisha watoto kwa kanuni zake. Apewe chai na aachiwe.

Usiku uwe wa vitendawili, na visiwe vya kukariri vitabuni tu. Kila mtoto atunge kimoja cha mahali anapoishi. Sisi tumetunga viwili vya kuanzia. “Usiku mji, asubuhi maji”: taa za omena. “Shamba la kijani lisilo na mwenyewe, leo liko Homa Bay, kesho Kendu”: gugumaji, linalosukumwa na upepo. Aliyeshindwa atoe mji kama ada. Lakini katika Idi hii mteguzi asiridhike na jina la mji pekee. Anayepewa Mbita aeleze alichokikuta huko kabla ya kutoa jibu. Anayepewa Lamu naye aeleze, hata kama hajapata kufika. Wakubwa wasiingilie, hata punda wa Lamu wakianza kuvua omena.