Programu Mpya, Uhakiki Mpya: Kichanganuzi cha Mawimbi ya Redio cha Mkononi

Katika Kata ya Bugarama, mkoani Shinyanga, upo mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi huu ni wa chini ya ardhi. Wafanyakazi wake hufuata mshipa wa dhahabu kwa njia zilizochimbwa ndani ya mwamba, na shimo lake kuu limeshuka zaidi ya mita 1,000. Mtu aliye juu, sokoni Bugarama, aweza kupiga simu kwa ndugu yake aliyeko Mwanza au Dar es Salaam bila taabu. Akishuka chini ya mwamba simu yake huwa bubu, kwa kuwa mwamba hunyonya mawimbi ya redio kabla hayajafika mbali.

Kwa sababu hiyo migodi mingi ya namna hii duniani hutandika katika njia zake kebo maalumu, ambayo ganda lake la shaba limeachwa na matundu kwa makusudi. Mawimbi husafiri ndani ya kebo, na sehemu yake ndogo huvuja kupitia matundu hayo, kama maji yavujavyo katika mpira wa kumwagilia bustani uliotobolewa. Redio ya mkononi iliyo karibu huyapokea. Kila baada ya mita mia kadhaa huwekwa kikuza-mawimbi ili nguvu iliyopotea irudishwe.

Kebo ikipondwa na gari, kiungo kikiingia maji, au antena ikivunjika, ujumbe haufiki. Chini ya ardhi, ujumbe usiofika waweza kuwa onyo la moto, la mwamba unaoporomoka, au la baruti inayokaribia kulipuliwa. Fundi anahitaji kifaa cha kumwambia kama kebo na antena ni nzima. Naye anahitaji kujua jambo la pili, ambalo husahauliwa mara nyingi: je, kifaa chenyewe kinasema kweli?

KIFAA NA KAZI YAKE

Kifaa kinachotumika huitwa kichanganuzi cha mitandao ya mawimbi ya redio. Neno «mtandao» hapa halina maana ya mtandao wa simu wala wa kompyuta. Maana yake ni kitu chochote ambacho umeme huingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mlango huohuo au mwingine: antena, kebo, chujio, kikuza-mawimbi.

Zamani vifaa hivi vilikuwa vikubwa na vya gharama kubwa. Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa kichanganuzi chake kilichojulikana kwa namba 8410 mwaka 1967, na kingine, 8510, mwaka 1984. Vilijaza meza nzima, na ni maabara chache zilizomudu kuvinunua. Baadaye mhandisi wa Japani, Takahashi Tomohiro, alisanifu kichanganuzi kidogo kinachoenea kiganjani, akakiita NanoVNA, na akatoa michoro na programu yake hadharani ili kila mtu aweze kuisoma. Tangu mwaka 2019 vifaa vilivyojengwa juu ya usanifu huo vimetengenezwa kwa wingi nchini China, na vingi huuzwa kwa bei isiyofika dola 100 za Marekani. Kwa mara ya kwanza kifaa cha aina hii kimekuwa karibu na uwezo wa shule ya sekondari.

MWANGWI WA WIMBI

Kanuni ya kifaa hiki ni ya mwangwi. Kifaa hupeleka wimbi dogo katika kebo, kisha husikiliza ni kiasi gani kilichorudi na kimerudi kikiwa katika awamu gani, yaani katika hatua ipi ya kupanda na kushuka kwake.

Kebo nyingi za redio zimesanifiwa kwa ukinzani-wimbi wa omu 50. Kitu kilichofungwa kwenye ncha ya kebo kikiwa nacho kina omu 50, wimbi lote humezwa. Kikiwa na thamani nyingine, sehemu ya wimbi hurudi. Ikiwa thamani hiyo ni Z, uwiano wa wimbi linalorudi kwa wimbi lililokwenda ni:

uwiano = (Z − 50) ÷ (Z + 50)

Tuseme antena iliyoharibika ina omu 150. Uwiano ni 100 ÷ 200, yaani nusu. Kwa kuwa nguvu hulingana na mraba wa ukubwa wa wimbi, robo ya nguvu yote, yaani asilimia 25, hurudi ilikotoka badala ya kwenda hewani. Ncha ikiachwa wazi, uwiano huwa 1: wimbi lote hurudi. Ncha ikikatishwa, yaani waya wa kati ukiunganishwa na ganda, uwiano huwa −1: wimbi lote hurudi likiwa limepinduka.

Mwalimu asiye na kifaa chochote aweza kuyaonyesha haya kwa kamba ndefu. Ncha moja ifungwe imara mtini, kisha ncha ya pili ipigwe mara moja kwenda juu. Nundu itakayofika mtini itarudi ikiwa imepinduka chini. Ncha ya mbali ikifungwa kwenye pete inayoteleza juu ya fito laini iliyosimama wima, nundu itarudi ikiwa juu vilevile.

PROGRAMU ILIYOMO NDANI YA KIFAA

Ndani ya kichanganuzi cha mkononi mna chipu inayozalisha mawimbi, chipu inayoyageuza mawimbi yaliyorudi kuwa tarakimu, na chipu kuu inayoongoza kazi yote. Chipu kuu hufuata programu iliyoandikwa katika kumbukumbu yake, ambayo haifutiki umeme unapozimwa. Programu ya namna hii huitwa programu dhibiti. Kuihuisha ni kufuta maandishi ya zamani na kuandika mapya mahali palepale.

Faida yake yaweza kuwa kubwa. Chipu ya mawimbi katika NanoVNA hutumika moja kwa moja hadi kiasi cha megahezi 300. Lakini wimbi inalotoa hukaribia umbo la mraba, na hisabati yaonyesha kwamba wimbi la mraba lina ndani yake mawimbi mengine ya masafa mara 3, mara 5, mara 7 na kuendelea. Programu ikiamuru kifaa kisikilize lile la mara 3, kipimo hufika megahezi 900. Ikiamuru lisikilizwe lile la mara 5, hufika megahezi 1,500. Kifaa hakikuongezewa hata skrubu moja, bali kimepewa maagizo mapya tu.

Hata hivyo maumbile hayadanganyiki. Katika wimbi la mraba, wimbi la mara 3 lina theluthi moja tu ya ukubwa wa wimbi la msingi, na lile la mara 5 lina sehemu moja ya tano. Wimbi dogo humezwa na kelele za umeme kwa urahisi zaidi, hivyo kipimo cha masafa ya juu hakina uhakika sawa na kile cha masafa ya chini. Programu yaweza kupanua eneo la kazi, lakini haiwezi kuifanya chipu iwe na nguvu isiyokuwa nayo.

HATUA ZA KUHUISHA

Kazi yenyewe huchukua dakika chache, ila yataka utaratibu.

Kwanza, toleo la programu iliyopo na aina ya bodi viandikwe daftarini. Kifaa chenye jina lilelile chaweza kuwa na chipu kuu tofauti, na faili la bodi moja halifai bodi nyingine. Faili lichukuliwe kwa msanifu au mtengenezaji wa bodi hiyohiyo, si kwa mtu yeyote aliyelipata njiani.

Pili, kabla ya kufuta chochote, kipimwe kitu kinachojulikana, kama vile kipande cha kebo, na matokeo yahifadhiwe. Haya ndiyo yatakayokuwa shahidi baadaye.

Tatu, betri ya kifaa na ya kompyuta zijazwe. Kompyuta inayotegemea umeme wa ukutani peke yake yaweza kuzimika katikati ya kazi.

Nne, kifaa kiingizwe katika hali ya kupokea programu, ama kwa kuchagua katika orodha ya skrini, ama kwa kubonyeza kitufe wakati wa kukiwasha, ama kwa kuunganisha pini mbili za bodi, kulingana na aina yake. Skrini yaweza kuwa nyeusi kabisa. Mwanafunzi asishtuke: kifaa hakijafa, kinasubiri.

Tano, kifaa kiunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB, faili liandikwe, kisha kizimwe na kuwashwa tena.

Je, umeme ukikatika kazi ikiwa nusu? Katika chipu kuu za NanoVNA, mtengenezaji wa chipu ameweka programu ndogo ya kupokelea nyingine katika sehemu ya kumbukumbu ambayo mtumiaji hawezi kuifuta. Ni kama mkulima aliyetenga mbegu za msimu ujao ghalani: shamba likiungua, mbegu ipo. Fundi hurudia hatua ya nne na ya tano, na kifaa huamka. Vifaa vya aina nyingine huenda havina akiba hiyo. Kwa hiyo maelezo ya mtengenezaji yasomwe kwanza.

MAKOSA MATATU, VIPIMO VITATU

Watu wengi huishia hapo. Skrini imewaka, namba ya toleo jipya imeonekana, na mistari ya rangi inacheza. Kumbe kazi iliyo muhimu kuliko zote bado haijafanywa.

Hakuna kichanganuzi kilichotengenezwa bila kasoro. Sehemu ya wimbi huvuja ndani ya kifaa chenyewe bila kufika kwenye ncha. Sehemu nyingine hugonga mlango wa kifaa inaporudi na kutumwa tena mbele. Tena, kebo na viungo hupunguza na kuchelewesha kila kitu. Hayo ni makosa matatu yasiyojulikana. Mwanafunzi wa hisabati anajua kwamba mafumbo matatu huhitaji milinganyo mitatu. Basi mpimaji hufunga kwenye ncha ya kebo vitu vitatu ambavyo majibu yake yanajulikana: ncha wazi, ncha iliyokatishwa, na mzigo wa omu 50. Majibu ya kweli ni 1, −1 na 0. Kifaa hulinganisha kilichopima na kilichopaswa kupima, hukokotoa makosa matatu katika kila masafa, na kuanzia hapo huyaondoa katika kila kipimo. Kazi hii huitwa usawazishaji.

Umuhimu wake waonekana katika hesabu ifuatayo. Katika kebo ya kawaida ya aina ya RG-58, wimbi husafiri kwa takribani theluthi mbili ya mwendo wa nuru. Kwa megahezi 150, urefu wa wimbi hewani ni mita 2, na ndani ya kebo ni kama mita 1.33. Robo yake ni sentimeta 33. Wimbi likienda na kurudi katika kipande cha sentimeta 33, husafiri nusu ya urefu wa wimbi, na alama yake hupinduka: −1 huwa 1. Hivyo ncha iliyokatishwa huonekana kama ncha iliyo wazi! Rula moja ya shule ni kama sentimeta 30. Kebo inayozidi rula kidogo tu yatosha kuligeuza jibu likawa kinyume chake, ikiwa kifaa hakikusawazishwa kwenye ncha yake.

Sasa, programu mpya yaweza kubadili nguvu ya wimbi linalotumwa, mahali ambapo kifaa huhamia kwenye wimbi la mara 3, au jinsi tarakimu zinavyopangwa katika kumbukumbu. Masahihisho yaliyokokotolewa chini ya programu ya zamani hayaihusu tena programu mpya. Kuyatumia ni kuvaa miwani ya mtu mwingine. Kwa hiyo usawazishaji wa zamani ufutwe, ufanywe mpya, kisha kipimwe kile kipande cha kebo kilichopimwa mwanzoni. Matokeo yakilingana, kifaa kimerudi kazini. Yasipolingana, kitu kimoja kati ya hivyo viwili hakikusema kweli, na sababu itafutwe kabla ya kuendelea.

Wakazi wa Shinyanga na Geita wanaijua kanuni hii kwa njia nyingine. Mizani ya kupimia pamba au dhahabu ikifunguliwa na fundi, mwuzaji mwenye busara hakubali kupimiwa mpaka ihakikiwe upya na kupigwa chapa. Haulizi fundi alikuwa hodari kiasi gani. Anajua kwamba mizani mbovu haigomi kufanya kazi. Hutoa jibu, tena kwa utulivu uleule. Kichanganuzi nacho ni hivyo. Kifaa kilichokufa hakimdhuru fundi, kwa sababu kila mtu anaona kwamba kimekufa. Kinachodhuru ni kile kinachochora mstari mzuri juu ya antena mbovu, fundi akatia sahihi, na redio ikapelekwa chini ya mwamba.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Shule yenye kichanganuzi yaweza kufanya jaribio hili. Wanafunzi wakate kipande cha kebo ya RG-58 chenye sentimeta 33, wakatishe ncha yake moja, na wapime kuanzia megahezi 50 hadi 300. Watafute masafa ambayo uwiano unakaribia 1, walinganishe na hesabu iliyo hapo juu, na waeleze tofauti ndogo watakayoiona. Viungo navyo vina urefu wake.

Tahadhari moja ishikwe daima. Wimbi la kifaa hiki lina nguvu chini ya sehemu moja ya elfu ya wati. Redio ya mkononi ya wati 5 ikiunganishwa nacho na kubonyezwa, kifaa huungua papo hapo. Vilevile kisiunganishwe na kebo yoyote inayopitisha umeme wa kuendeshea vikuza-mawimbi.

Mwisho, daftari la kifaa litunzwe: tarehe, toleo la programu, siku ya usawazishaji, na matokeo ya kebo ya ushahidi. Programu zitaendelea kubadilika mwaka hadi mwaka. Daftari hilo ndilo litakalomwezesha mpimaji wa kesho kujua kama tofauti anayoiona imetoka katika antena au katika kifaa alichokishika mkononi.