AC Ikiganda Barafu Garini: Kweli au Uongo?

Kama unaendesha gari Dar es Salaam au Mombasa, kisa hiki kimeshakupata au umeshasimuliwa. AC inaanza vizuri, baridi safi. Baada ya nusu saa ya foleni, upepo unafifia. Feni unaisikia inavuma, lakini ukiweka kiganja kwenye matundu hakuna kinachotoka. Unaegesha, unafanya shughuli zako, ukirudi na kuwasha, upepo upo tele. Hiyo ni barafu, na ushauri utakaopewa juu yake hautaisha. Tuupime.

“AC ikiganda barafu, ujue ina nguvu sana.” Si kweli. Nyuma ya dashibodi kuna koili ambayo hewa hupita ikapoa. AC nzima huishusha koili hiyo hadi nyuzi chache juu ya sifuri, kisha hujizuia makusudi, ili unyevu wa hewa ugeuke maji na kutiririka nje. Ikivuka sifuri kwenda chini, matone huganda palepale kati ya mapezi ya koili na kuziba njia ya hewa. Ubaridi upo, tena wa kupindukia, ila hauna pa kupitia.

“Zima AC, acha feni, itarudi.” Kweli, na madereva wa zamani wanaosema hivyo wanastahili kusikilizwa. Hewa ya joto huyeyusha barafu kwa dakika kumi au kumi na tano. Zaidi ya kukuokoa safarini, ni kipimo kizuri: upepo ukirudi na maji yakimwagika kwa wingi chini ya gari, una hakika kwamba koili iliganda. Ugonjwa wenyewe bado haujatibiwa.

“Upepo ukipungua, gesi imeisha, jaza.” Si kweli, na hii ndiyo imani inayowatoa watu pesa bure. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, imevuja. Kabla ya kugusa gesi, angalia hewa. Kwenye Toyota nyingi unafungua droo iliyo mbele ya abiria, unaishusha, na nyuma yake unachomoa chujio la AC. Likiwa jeusi, limejaa vumbi na vijani vya mwarobaini, umeshampata mshukiwa wa kwanza. Koili isiyopata hewa ya joto ya kutosha hupoa kupita kiasi na kuganda. Chujio ni kipande cha bei ndogo, na kulibadilisha hakuhitaji fundi. Kuna magari mengine yaliyotumika Japani yanayotufikia bila chujio kabisa. Hayo vumbi lote huishia kwenye koili, na dawa yake ni kuiosha.

“Lakini gesi ikiwa kidogo, AC haiwezi kuganda.” Si kweli pia, ingawa akili inakataa. Gesi ya R134a, iliyomo kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990, hubadilisha joto lake kulingana na mgandamizo. Geji ya upande wa chini ikisoma takriban psi 28, gesi ndani ya koili iko nyuzi sifuri. Ikishuka hadi 20, gesi iko kama nyuzi tano chini ya sifuri. Kwa hiyo mfumo uliovuja kidogo huganda, hasa pale gesi inapoingilia kwenye koili, huku sehemu iliyobaki ikiwa vuguvugu. Hapo gesi inahitajika kweli, lakini baada ya kutafuta tundu kwa povu la sabuni au rangi maalumu na kuliziba. Kisha ijazwe kwa kupimwa kwenye mzani, kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Fundi anayejaza kwa kugusa bomba na kusikilizia baridi, mkatalie kwa heshima.

“Imeganda, basi koili imekufa.” Mara nyingi si kweli. Ukikuta chujio safi na gesi sawa, muulize fundi kuhusu sensa. Ni kijiti chembamba kilichochomekwa kwenye koili, kazi yake kuamuru kompresa ipumzike koili ikikaribia sifuri. Hupimwa kirahisi: kinatumbukizwa kwenye glasi ya maji ya barafu, na mita ya umeme inapaswa kuonyesha ohm zikipanda jinsi kinavyopoa. Namba zikigoma kusogea, kimekufa. Mara nyingine ni kizima kabisa, ila kilichomoka siku koili ilipooshwa na hakuna aliyekirudisha mahali pake. Na kama kompresa inanguruma bila kupumzika hata sensa ikiwa nzima, rilei yake ikaguliwe, huenda imenasa.

“Baridi ikija na kuondoka, ni barafu ileile.” Si lazima. Upepo ukibaki na nguvu zote lakini ukageuka wa moto, kisha baridi ikarudi yenyewe, huenda kuna unyevu ndani ya mabomba, unaoganda kwenye vali ndogo kabla ya koili. Hutokea mfumo ulipofunguliwa na kujazwa gesi bila kunyonywa hewa kwanza. Dawa ni kutoa gesi, kubadilisha chujio la kukausha unyevu, na kuunyonya mfumo kwa pampu nusu saa au zaidi.

“Maji chini ya gari ni ubovu.” Si kweli. Pwani, yasipodondoka ndipo uulize. Yakimwagikia miguuni mwa abiria, mrija wa kutolea maji umeziba, uzibuliwe.

“Zima AC kidogo kabla ya kufika, feni iendelee.” Kweli. Koili hukauka kabla gari halijalala, na ile harufu ya uvundo ya asubuhi hupungua. Dakika tatu nne za mwisho wa safari zinatosha.