MZEE AKINYAMAZA, USISEME NI UZEE TU

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuweke kando habari za mitindo, wachumba na nani kamwacha nani. Nataka tuzungumze jambo ambalo sisi vijana tunalikwepa kama deni la dukani. Ni habari ya mzee wa nyumbani ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka, na juu ya hapo amekamatwa na huzuni isiyokwisha.

Hapa kwetu Mjimwema, Songea, ukilileta suala hilo kijiweni majibu ni yale yale. "Mzee karudi utotoni." "Uzee huo, utafanyaje?" Basi, mjadala umekwisha, kila mtu anashika njia yake, na mzee anabaki barazani akitazama mikono yake.

Mimi siwezi kushika njia yangu, maana jambo lenyewe liko nyumbani kwetu. Mshua amepita miaka 75. Kusahau kulianza polepole. Anauliza swali moja mara tano, funguo zinakutwa ndani ya sufuria ya maharage, mimi ananiita kwa jina la marehemu mdogo wake. Tulizoea, hata tulicheka pamoja naye, kwa sababu mwenyewe alikuwa anacheka. Halafu kicheko kikakatika. Akawa anasukuma sahani baada ya matonge mawili. Saa tisa usiku yuko macho, amekaa kitandani gizani. Kunyoa ndevu hataki, kwenda kanisani hataki, kusalimiwa na wazee wenzake hataki. Jioni moja akamwambia dada yangu mkubwa, "Mwanangu, mimi ni mzigo tu hapa. Mungu ananichelewesha." Dada alikuja kuniambia huku anatetemeka.

Sasa msomaji, kauli kama hiyo si uzee. Ni ugonjwa, na una namna ya kushughulikiwa.

KUSAHAU NI KIMOJA, SONONA NI KINGINE

Ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu wanauita demensia, ni maradhi ya ubongo. Aina yake inayoonekana zaidi ni ile iliyopewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Watafiti walipita katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walikuta karibu watu sita katika kila 100 wanao ugonjwa huo. Hao ni wazee wa vijijini, walima kahawa na migomba, watu wa hapa hapa Bongo.

Sonona nayo ni ugonjwa mwingine. Ni ile hali ya mtu kupotewa na furaha, hamu ya kula na usingizi, siku nenda siku rudi, wiki mbili na kuendelea. Magonjwa haya mawili yanapenda sana kutembea pamoja. Tatizo ni kwamba mzee mwenye demensia hawezi kukueleza vizuri kwamba ana huzuni. Pengine hata hakumbuki kuwa jana alilia. Mwili wake ndio unasema. Hali, halali, hataki kuguswa, anakasirika kwa jambo dogo, analia bila sababu, au anakaa kimya kama mgeni.

Ndiyo maana tangu mwaka 1988 wataalamu wana kipimo kiitwacho Cornell, chenye maswali 19, ambacho kinamhoji mzee mwenyewe na pia yule anayekaa naye. Analala saa ngapi? Amepungua uzito? Asubuhi na jioni, lini anakuwa na hali mbaya zaidi? Sasa jiulize wewe unayerudi nyumbani saa nne usiku na kuondoka kabla hajaamka, utajibu nini?

NANI KAMROGA?

Mambo yalipozidi, kila jirani akaja na lake. Mmoja akasema kuna mkono wa mtu, akataka kutupeleka kwa mganga. Wengine wakaja kumwombea. Sala sizikatai, mshua mwenyewe alitulia kidogo waliposhika mkono wake na kuimba. Lakini sala na hospitali hazigombani, unaweza kwenda kote kuwili.

Habari ya kutafuta mchawi ndiyo naikataa kabisa. Sote tunajua yaliyowapata bibi zetu huko Kanda ya Ziwa, vikongwe waliouawa kwa kuwa eti macho yao ni mekundu. Bibi akikutwa usiku anazunguka nyumba ya jirani na hajui alikotoka, mara nyingi huyo ni mgonjwa aliyepotea njia. Anahitaji kanga ya kujifunika na mtu wa kumrudisha kwao.

ANZA NA MASIKIO NA MENO

Kabla ya kusema sonona, daktari mzuri anatafuta kwanza mengine. Kama mzee amebadilika ghafla, jana alikuwa mzima na leo anaweweseka, usingoje. Mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, sukari, au dawa mpya aliyoanza. Kama ni polepole, waulize kuhusu upungufu wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, maumivu, macho na masikio.

Kwa mshua, unajua kilichokutwa? Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta, na gego moja limeoza hadi kwenye mzizi. Yaani huku sisi tunasema mzee amesusa chakula, mwenzetu anaumwa jino na hasikii tunachomuuliza! Masikio yakasafishwa, jino likang'olewa. Akaanza kumaliza nusu ya sahani. Huzuni haikuondoka yote, ila mlango ulifunguka.

Kwa sisi wa huku, pa kuanzia pako karibu, Kituo cha Afya Mjimwema. Jambo likiwa zito kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa hapa mjini. Wengi wakisikia neno akili wanafikiria Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyopo tangu miaka ya 1920, wanaingiwa na woga na kumficha mzee ndani. Si kila mwenye sonona anapelekwa Mirembe. Wengi wanatibiwa wakiwa nyumbani kwao. Na kumbuka, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Ukifika ulizia dirisha la wazee, usione aibu.

VIDONGE SI MCHEZO

Hapa tega sikio. Sehemu moja, jina naliweka mfukoni, mshua alihudumiwa ndani ya dakika tano. Hakuna aliyeuliza habari za kusahau. Tukapewa amitriptilini, dawa ya sonona ya siku nyingi na isiyo ghali. Siku ya nne mzee mdomo umekauka, mkojo unatoka kwa taabu, hajui choo kiko wapi, na usiku alipepesuka nusura aanguke. Daktari mwingine ndiye aliyetueleza kuwa dawa hiyo inaweza kuongeza kuchanganyikiwa kwa mtu ambaye ubongo wake tayari una demensia, na akatuelekeza namna ya kuiacha.

Je, zile dawa mpya zaidi? Mwaka 2011 ulitolewa utafiti wa Uingereza uliowafuata wagonjwa 326 wenye demensia na sonona pamoja. Kundi moja lilipewa setralini, la pili mirtazapini, la tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki 13 makundi yote yalikuwa na nafuu, na waliomeza dawa hawakuwapita waliomeza vidonge vitupu. Walichowapita ni madhara. Kati ya waliopewa setralini asilimia 43 walipata madhara, wa mirtazapini asilimia 41, na wale wa vidonge vitupu asilimia 26.

Usinielewe vibaya. Sisemi dawa zitupwe chooni. Wapo wagonjwa ambao sonona yao ni kali mno, au walikuwa nayo tangu ujanani, na daktari anaona dawa inafaa. Hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na hazikatizwi kienyeji. Ninachosema ni uulize. Dawa hii inafaa kwa mtu anayesahau? Nitazame madhara gani? Turudi lini aangaliwe? Daktari anayejua kazi yake hakasiriki kwa maswali matatu.

DAWA ISIYOUZWA FAMASI

Sasa ndiyo tunakuja penyewe. Mwaka 2021 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi iliyokusanya tafiti zilizohusu watu zaidi ya 28,000 wenye demensia. Vilivyoonekana kupunguza dalili za huzuni ni vitu ambavyo bibi zetu wasingeshangaa kuvisikia. Mazoezi ya mwili pamoja na watu, kukandwa na kushikwa kwa upole, kuchangamsha akili kwa mazungumzo na michezo, na kukumbushwa mambo ya zamani.

Tena limejaribiwa hapa kwetu. Huko huko Hai wazee 34 wenye demensia walikutanishwa katika vikundi kwa vipindi 14, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Akili zao zilichangamka, wasiwasi ukapungua, na usumbufu nyumbani ukapungua pia. Haikuwa mitambo ya mabilioni, ilikuwa watu wamekaa pamoja wakishughulisha vichwa.

Sisi tulianza na mpira. Mshua ni mwana Majimaji wa damu, Wanalizombe! Mchana alichokula hakikumbuki, lakini mtajie mwaka 1985 na 1986, Majimaji ilipochukua ubingwa wa Muungano mara mbili mfululizo, uso unabadilika. Anakueleza nani alipiga krosi na mvua ilinyesha saa ngapi. Kama anachanganya ubingwa wa 1998 na wa 1986, mwache achanganye, hamko mahakamani. Kumsahihisha kila dakika ni kumkumbusha kuwa anapoteza akili.

Cha pili ni kazi. Tulikuwa tumemnyang'anya kila kitu kwa jina la heshima, "Baba pumzika." Kumbe kupumzika kutwa nzima ndiko kulikomfanya ajione mzigo. Sasa anapukuchua mahindi. Anapukuchua debe zima huku anaimba, na jioni dada anamwambia, "Baba, asante, leo umetulisha." Hiyo asante usiidharau. Cha tatu, asubuhi jua likitoka tunatembea naye polepole hadi barabarani na kurudi, saa ile ile, njia ile ile. Cha nne, jioni maji ya uvuguvugu na mafuta, tunamkanda miguu. Redio inafungwa usiku, chai ya jioni ni nyepesi, na usingizi umeanza kurudi.

Amepona? Demensia haina tiba ya kuiondoa, nisikudanganye. Siku nyingine bado ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Lakini ananiuliza huku anatabasamu, na ile kauli ya kuwa ni mzigo hatujaisikia kwa miezi sasa.

FICHA SUMU, NA MSAIDIE DADA

Mambo mawili ya mwisho. La kwanza, mzee akianza kusema bora afe, usicheke wala usimkemee. Muulize kwa upole kama amefikiria kujidhuru, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali. Mkoa wetu ni wa mahindi, karibu kila nyumba ina dawa ya kuua wadudu, nyingine imewekwa uvunguni. Itoe, ifungie mbali, pamoja na vidonge vyote. Hata mzee ambaye hataki kufa anaweza kuinywa akidhani ni soda.

La pili linawahusu washikaji wenzangu. Katika nyumba nyingi mzigo wote uko kwa dada au maza, sisi wanaume tunatuma pesa kwa simu na kujiona tumemaliza. Dada yangu alikuwa halali, amekonda, biashara yake ya vitenge imekufa. Anayeuguza naye huugua sonona. Tukapanga zamu. Jumamosi na Jumapili mshua ni wangu kuanzia kuoga hadi kulala, kaka aliyeko Dar anapiga simu kila jioni azungumze naye, na dada amerudi sokoni siku tatu kwa wiki. Kumwogesha baba yako mzazi si kazi ya aibu. Yeye alikuogesha bila kuuliza zamu ni ya nani.

Basi mpenzi msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyenyamaza, leo jioni vuta kigoda, mpe shikamoo yake, umuulize habari za enzi zake. Ukiona hali wala halali, kesho asubuhi mwende kituo cha afya. Tukutane wiki ijayo.