Motokari ya zamani: piesi gani inaweza kungoja, na piesi gani haiwezi



Kwa kawaida ukurasa huu unasema juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi la shimo na maji ya kunywa. Leo tutatoka nje ya lango la kazi, twende mpaka ndani ya parsele, pale motokari inapolala. Sababu ni kwamba majeraha mengine tunayofunga katika dispansere hayatoki kazini hata kidogo. Yanatoka chini ya motokari, siku ya Jumamosi, wakati baba wa nyumba amevaa kaputula na ameshika ufunguo namba 13.

Baba yangu mudogo anakaa Makomeno. Alitumika Gécamines mpaka mwaka 2003, akaondoka pamoja na wale zaidi ya 10,000 waliokubali kuondoka kwa hiari mwaka ule. Ana Peugeot 504 ya mwaka 1979, rangi ya maziwa, na ninyi mnaopita pale mnaijua kwa sauti. Kwake si chombo cha kazi tena. Anaipenda. Kila Jumapili kisha misa anaifungua boneti hata kama haina ugonjwa wowote.

Siku moja alikuja kwangu ameshika mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto, kifundo kimevimba kama embe. Nikamwuliza ni nini. Akasema, « Mutoto, freni ilikatala. » Alikuwa anaingia parsele, akakanyaga, pedali ikaenda mpaka chini bila kushika kitu, motokari ikapiga ukuta. Mjukuu wake wa miaka 4 alikuwa akicheza penye ukuta ule dakika chache mbele, shangazi akamwita kuja kula. Kifundo kilipona kwa wiki sita katika gipsi. Lakini nilitaka kujua freni ilikataa kwa nini, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike habari hii. Ndani ya silinda kubwa ya freni mipira midogo ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameitafuta miezi mitatu bila kuipata. Mwishowe fundi mmoja alimkatia mingine kutoka katika shambriere ya kamyo, na kwa sababu mafuta ya freni nayo yalipanda bei, akaongeza mafuta ya injini.

Kwa nini piesi inakuwa ghali

Watu wengi wanasema, « Wachuruzi wametuonea. » Pengine ni kweli kidogo, lakini si sababu kubwa. 504 ilitokea mwaka 1968. Ufaransa iliacha kutengeneza ile ya familia mwaka 1983, lakini viwanda vya Nigeria na Kenya viliendelea kuiunga mpaka miaka ya 2000. Zaidi ya milioni 3 zilitengenezwa. Kiwanda kinapoacha motokari, piesi haziishi siku ile. Kiwanda kinaweka akiba kwa miaka kadhaa, kisha viwanda vingine vinatengeneza za kuiga, nzuri na mbaya. Kisha wanunuzi wanapungua, na aliyekuwa akitengeneza piesi elfu kwa mara moja anatengeneza mia, na kila moja ya mia ile inabeba gharama kubwa zaidi. Halafu anaacha.

Juu ya hayo kuna jambo ambalo wazee wetu hawakulitazamia. Huko Ulaya 504 imekuwa kitu cha kukusanya. Mtu mwenye pesa anaitunza katika garaji yenye joto, anaitoa mara tano kwa mwaka, naye anatafuta karatoni ile ile ya piesi ambayo mzee wa Makomeno anaitafuta. Bei inamfuata yeye, haitufuati sisi.

Kisha njia. Piesi inalipwa kwa dola, nasi tunahesabu franka. Inatoka Dubai au Ulaya, inashuka Dar es Salaam au Durban, inapanda kamyo, inapita Zambia, inalala Kasumbalesa kungoja duane, kisha kilometa kama 90 mpaka hapa. Kila mkono unaoigusa unachukua sehemu yake. Na yule anayekwenda kuitafuta Zambia mwenyewe akumbuke kwamba kule usukani uko kuume. Mipira ya freni na vitu vya injini vinaweza kufanana, lakini mashine ya usukani haitakubali, na fundi atakayekuambia « tutaifanyia mpango » usimpe pesa.

Wenye Coccinelle wana taabu ndogo zaidi. Ya mwisho ilitoka Puebla, Meksiko, mwezi wa 7 mwaka 2003, lakini kwa kuwa zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa, wapenzi wake ni wengi duniani na viwanda bado vinawatengenezea. Wao wanalia juu ya usafiri na duane tu.

Ya kungoja na ya kufanyiwa mpango

Hapa Katanga tuna mafundi wa turu ambao baba zao walijifunza katika ateliye za kampani, na sifa yao ni ya haki. Busi, pini, mguu wa injini, eshapma, kitasa cha mlango, juwenti ya karatasi, haya yote yanaweza kutengenezwa hapa, na mara nyingine yanashinda ya dukani. Ikikosewa, motokari itapiga kelele, itavuja, au itakuacha njiani. Utatembea kwa miguu. Hakuna mtu aliyekuja kwangu kwa sababu ya kitasa.

Lakini kuna piesi ambazo, zikikatika, hutembei kwa miguu. Mipira ya ndani ya silinda za freni, fleksibili za freni, rotili za usukani, na mipira ya magurudumu. Hizi hazitengenezwi kwa shambriere wala kwa waya. Mpira wa shambriere haukutengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya freni. Na mafuta ya injini ni mabaya kuliko hapo: yanaingia katika mipira ya freni na kuivimbisha, inakuwa laini kama mkate uliolowa. Wiki ya kwanza freni inashika, mwenye motokari anafurahi kwamba amepunguza gharama. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba mudogo. Wengine wanatia maji ya sabuni. Maji yanachemka kwa digri 100, na plaketi zikipata moto katika mtelemko yanageuka mvuke, na mvuke haisukumi kitu. Mafuta ya freni ya namba 3 yakiwa mapya hayachemki mbele ya digri 205. Lakini hata hayo yanakunywa unyevu wa hewa. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, na ile iliyokaa wazi juu ya kabati tangu mwaka jana usiitumie.

Juu ya mipira ya magurudumu ya okazi nitasema moja tu. Ubavuni tafuta herufi DOT, na mwisho wa mstari ule utaona tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, mpira ule ulitengenezwa mbele ya mwaka 2000, na hata ukionekana mweusi na mzuri, uache palepale.

Karatoni ya zamani

Sasa nakuja penye jambo ambalo mimi kama mtu wa afya linaniogopesha kuliko ukuta. Piesi mpya zikikosekana, watu wanafurahi kupata « mpya ya zamani », yaani plaketi au garnitire ya freni iliyokaa katika stoki miaka 30 au 40, bado ndani ya karatoni yake. Mwenye duka anasema ni orijinale, na anasema kweli. Lakini wakati ule garnitire za freni zilichanganywa na amiyanti, ambayo kwa Waingereza ni asbesto. Ufaransa iliikataza mwaka 1997, nchi zote za Umoja wa Ulaya tangu 2005, Afrika ya Kusini mwaka 2008. Karatoni ya zamani haikusoma sheria hizo. Tena, garnitire zilizomo katika tamburi la motokari yako, kama hazijabadilishwa tangu wakati wa zaire, zinaweza kuwa za namna ile ile.

Nyuzi za amiyanti ni ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Zikiingia katika mapafu hazitoki. Hazikohozeshi siku ile wala mwezi ule. Mapafu yanakauka, au kansa inakuja, kisha miaka 20, 30, hata 40. Mwenye kuvuta sigara anazidisha hatari yake mara nyingi. Ninyi mnaotumika shimoni mnajua vumbi la jiwe linavyofanya kazi polepole. Mapafu yaliyokwisha kubeba lile hayana nafasi ya kubeba na hili.

Basi ukifungua tamburi, usipulize kwa mdomo, wala kwa kompresere, wala usipige kwa nyundo ili vumbi lianguke. Lowesha kwa maji na sabuni kidogo, pangusa kwa kitambaa kingali majimaji, tia kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, utupe. Usipige garnitire lime ili iingie. Maski ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizo. Na nguo ulizovaa, usimpe mke wako azikung'ute mbele ya kuzifua. Katika nchi nyingine wanawake ambao hawakukanyaga kiwanda maisha yao yote wameugua kwa kufua nguo za waume zao. Ziloweshe wewe mwenyewe kwanza. Watoto wakae mbali, na mbali maana yake si nyuma ya mlango.

Mengine kwa haraka

Batri mpya ni ghali, ndiyo sababu wengine wanavunja ya zamani katika parsele ili watoe mabati mazuri na kuyeyusha risasi. Wandugu, hapana. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 katika mtaa ambapo batri zilivunjwa na mchanga wenye risasi ukachekechwa. Mtoto anacheza chini, anatia vidole mdomoni, imekwisha. Maziwa ni chakula kizuri lakini hayatoi risasi mwilini, ingawa wengi wanaamini hivyo.

Usivute esansi kwa mdomo na mpira. Ikiingia katika mapafu inaunguza. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu ikipanda ndipo inapopata njia ya mapafu. Mlete dispansere mara moja, hata kama anasema amepona, na zaidi kama anakohoa.

Kriki ni ya kupandisha, si ya kushikilia. Mbele ya kuingiza kichwa chini ya motokari weka vigogo vya mti mgumu chini ya shasi. Matofali ya udongo yanapasuka bila kutoa habari. Hilo mnalijua shimoni, ambako hakuna anayeingia chini ya mwamba usiotegemezwa.

Kununua pamoja

Mtu mmoja akiagiza mipira miwili ya freni, usafiri unashinda bei ya piesi. Wenye 504 wa mtaa mmoja wanaweza kufanya likelemba ya piesi: kila mwezi wanaweka kitu, wanaagiza mipira ya freni, fleksibili na rotili za wote kwa karatoni moja. Wasisahau wenye 505, maana motokari ile ilijengwa juu ya 504 na vitu vingi vya injini ya litri 2 vinafanana. Andikeni namba iliyopigwa juu ya piesi ya zamani mbele ya kuitupa, na kama haisomeki, pimeni kipenyo. Lakini mpira wa freni hauwekwi akiba miaka kumi, hata katika karatoni unazeeka. Nunueni wa kutumia mwaka huu na ule unaofuata.

Baba mudogo ameingia likelemba ya namna hiyo na watu wanne. Silinda imekwisha kulipwa, ingali njiani. Wakati huu 504 iko juu ya vigogo chini ya mwembe, anaipangusa kila Jumapili kama desturi yake. Funguo ziko kwa mama mudogo, naye amesema hazitoki mpaka aione karatoni kwa macho yake.