Mahindi, Chokaa na Usiku Mmoja

Je, wajua kwamba chokaa, ile ile wanayoipaka watafunaji wa tambuu juu ya jani, huko Meksiko huchemshiwa mahindi kila siku? Haitiwi kwa ajili ya rangi wala uraibu. Bila chokaa hiyo tortilla, yaani chapati yao nyembamba ya mahindi, ingepasuka kabla ya kukunjwa. Na zaidi ya hapo, walaji wake wangekuwa hatarini kupata maradhi ya ngozi, tumbo na akili yaliyoua watu kwa maelfu katika nchi zilizopokea mbegu ya mahindi bila kupokea namna ya kuyapika. Mahindi yaliyokwisha kupita kwenye chokaa huitwa nixtamal, na anayetaka kulielewa soko la chakula la Meksiko aanzie hapo.

Chukua soko la La Merced, mashariki ya kitovu cha Mexico City. Jengo lake kubwa la sasa ni la mwaka 1957, lakini mtaa wenyewe ni wa biashara tangu zamani sana. Siku hizi waongoza wageni huwapitisha watu humo kwa makundi madogo, wakionjeshwa hiki na kile kwenye kila kibanda. Wageni wengi huja na hamu ya vitu vya ajabu: pilipili kavu za kila rangi, rojo zito la mole lililorundikwa kama vichuguu, panzi wa kukaanga. Hayo yote yapo na ni matamu. Lakini kwa maoni yangu mwongozaji anayeijua kazi yake huanza na mama lishe mwenye beseni la donge la mahindi, kwa sababu karibu kila kitakachoonjwa baadaye kitakuja juu ya mahindi, ndani ya mahindi, au kimetiwa uzito kwa mahindi.

Mama huyo hutengeneza tlacoyo. Donge lake mara nyingi ni la buluu, maana limesagwa kutokana na mahindi ya buluu, moja ya aina za asili ambazo Meksiko inazo kwa makumi. Humega donge dogo, hulibonyeza kwa dole gumba, hutia maharage yaliyopondwa, hulifumba, kisha hulipigapiga baina ya viganja mpaka liwe refu, lenye ncha mbili. Halitiwi mafuta. Huwekwa kwenye comal, kaango bapa la udongo au la chuma lililo juu ya moto, hugeuzwa mara kadhaa, na likiiva hupambwa kwa vipande vya mpungate uliochemshwa, vitunguu, giligilani na jibini iliyovurugwa. Mwiba wa mpungate umeshakwanguliwa kwa kisu palepale sokoni, na wauzaji hufanya kazi hiyo huku wakizungumza, bila kutazama mikono.

Kabla ya kula, kamulia ndimu pembeni ya tlacoyo na utazame. Ule ubuluu hugeuka kuwa zambarau, kisha waridi. Rangi ya mahindi haya inatokana na kemikali za jamii ya anthosiani, ambazo hubadilika kulingana na uchachu. Kwenye asidi ya ndimu huwa nyekundunyekundu. Kwenye alkali huelekea buluu na kijani. Kwa hiyo ukiona donge la buluu iliyofifia kidogo kuwa kijivu au kijani, ujue chokaa imepita hapo usiku.

Kazi ya usiku ni hii. Kwa kilo 1 ya mahindi makavu mazima huwekwa maji lita 2 au 3 na chokaa gramu 10 hivi, chokaa iliyozimwa, ambayo wanakemia huiita kalsiamu hidroksidi. Chungu huwekwa motoni, mahindi yakapikwa polepole kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima kulingana na aina na ukubwa wa punje, kisha moto huondolewa na mahindi huachwa ndani ya maji yale yale mpaka asubuhi. Usiku huo ndio wenye kazi. Chokaa huingia taratibu kwenye punje, huyeyusha gundi inayolishikilia ganda la nje, na wanga wa ndani hunywa maji na kuvimba. Asubuhi mpishi huchukua punje moja na kuisugua kwa vidole. Ganda likivuka lenyewe na moyo wa punje ukabaki na ugumu kidogo, yamekuwa tayari. Maji yake, ya manjano na ya kuteleza, humwagwa, na mahindi huoshwa na kusagwa yangali na umaji.

Hapo ndipo tofauti na ugali inapoonekana wazi. Ugali hushikana kwa sababu unga umepikwa ndani ya maji yanayochemka na wanga ukavimba sufuriani. Tortilla hufanywa kinyume: donge hutandazwa kwanza, moto hufuata. Jaribu kukanda unga wetu wa mahindi kwa maji baridi, ulitandaze liwe jembamba, utaona litakavyovunjika vipande. Donge la nixtamal halivunjiki kwa sababu sehemu ya wanga wake imeshaanza kuiva, na mabaki ya ganda lililoyeyushwa na chokaa yamekuwa kama ute unaovifunga vipande pamoja. Ngano hufungwa na gluteni, ambayo mahindi hayana. Watu wa Amerika ya Kati walipata njia nyingine ya kufika huko, na walikuwa nayo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mahindi yana niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, lakini sehemu kubwa yake imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Asiyepata niasini, wala protini ya kutosha ambayo mwili ungeitumia kuitengeneza, hupata pelagra: ngozi hubabuka palipopigwa na jua, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho wake huwa kifo.

Wahispania waliyapenda mahindi. Walibeba mbegu, wakaacha nyuma chokaa na maarifa ya wanawake waliokuwa wakiyaandaa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliuona ugonjwa huo kwa wakulima maskini wa Asturias, kaskazini ya Hispania, ambao chakula chao kilikuwa mahindi. Baadaye ukaenea kaskazini ya Italia, walikokula polenta asubuhi na jioni. Halafu ukawafika watu wa kusini mwa Marekani: kati ya mwaka 1906 na 1940 inakadiriwa watu milioni 3 waliugua na 100,000 wakafa. Huko mambo yalizidishwa na mashine mpya za kukoboa zilizokuwa zikiondoa kiini cha mahindi ili unga usiharibike upesi. Sisi tunaochagua kati ya dona na sembe tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa sana.

Wataalamu wengi wa Marekani waliamini kwamba pelagra inaambukiza. Serikali ilimpa daktari Joseph Goldberger kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo mwaka 1914, naye akaona kitu ambacho wengine walikipita: katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, waliougua ni waliolazwa, wafanyakazi hawakuugua. Chakula chao kilikuwa tofauti. Walipombishia, yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, na mkewe akakubali kudungwa pia. Hakuna aliyeugua. Goldberger alifariki mwaka 1929 bila kukijua kirutubisho chenyewe. Mwanakemia Conrad Elvehjem ndiye aliyeonyesha mwaka 1937 kwamba ni niasini. Mimi huona uchungu kila ninapoisoma historia hii. Wakati wote huo, kusini ya mpaka, akina mama wa Meksiko walikuwa wakiloweka mahindi yao kila jioni.

Wala si habari ya kale tu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi walipata pelagra. Walikuwa wakigawiwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zikawa zimekatika. Afrika Mashariki ugali umetusitiri kwa sababu hauliwi peke yake: una maharage, dagaa, karanga, mboga, nyama siku ikijaliwa. Mahindi hayakukosea. Hatari ipo kwa anayelazimika kuyala bila kitoweo.

Wapo watakaouliza juu ya magadi yanayotiwa kwenye makande. Magadi nayo ni alkali, na hulainisha punje na maharage. Lakini huwekwa kidogo, mapishi huisha siku hiyo hiyo, na ganda huliwa. Mlo unaofanana zaidi na makande katika masoko ya Meksiko ni pozole, mchuzi wa nguruwe au kuku wenye punje nono za mahindi ya cacahuazintle. Punje hizo hupikwa kwa chokaa, humenywa ganda lote, na mpishi mwangalifu huondoa hata kile kincha kigumu kinachoshika gunzi, moja baada ya nyingine. Hapo punje ikichemshwa tena hufunguka kama ua. Ni kazi ya kuchosha vidole, na ukila pozole nzuri unaitambua.

Kusini, katika jimbo la Oaxaca, chokaa mara nyingine hupisha majivu. Jumapili kwenye soko la Tlacolula utawakuta wanawake mbele ya mabeseni makubwa ya tejate, kinywaji baridi kilichokuwapo kabla ya Wahispania kufika. Mahindi yake huchemshwa kwa majivu ya kuni, yakasagwa pamoja na kakao iliyokaangwa, kokwa za tunda la mamey na ua dogo linaloitwa rosita de cacao. Mama huchovya mkono mpaka kiwiko na kulikanda donge huku maji yakiongezwa kidogokidogo, kisha huyachota na kuyamimina kutoka juu. Mafuta ya kakao na ya kokwa hupanda yakawa povu jeupe, zito, linaloelea kama mawingu. Hunywewa kwenye kibuyu kilichopakwa rangi. Povu likikosekana, wateja hupita.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo waongoza wageni huipamba mno, nayo ni jiwe la kusagia, metate. Ni jiwe la volkano, lina miguu mitatu, na mwanamke hupiga magoti mbele yake akisukuma mchi wa jiwe mbele na nyuma. Picha yake ni nzuri. Lakini kabla ya mashine za kusaga kuenea karne iliyopita, kazi hiyo ilikula muda wa saa 4 au 5 za mwanamke kila siku, tangu alfajiri, ikimwachia magoti na mgongo vilivyochakaa. Mashine ya mtaani, yenye mawe mawili ya volkano yanayozungushwa kwa umeme, iliwarudishia wanawake saa hizo, na siioni kuwa imeharibu chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Fausto Celorio alianza kuunda mashine za kutandaza na kuoka tortilla, na wakati huohuo viwanda vikaanza kuuza unga mkavu wa nixtamal, unaohitaji maji tu. Huo wa mwisho ndio unaobishaniwa. Ni rahisi na hukaa muda mrefu, lakini harufu ya mahindi yaliyolala kwenye chokaa hupungua sana, na mkulima wa aina za asili hukosa mnunuzi, maana kiwanda hutaka punje zinazolingana.

Kwa hiyo ukiwa sokoni, uliza kama tortilla ni ya nixtamal au ya unga. Halafu itazame ikiiva. Hugeuzwa mara ya kwanza kingo zinapoanza kukauka, mara ya pili ikishapata madoa, na baada ya hapo donge zuri hufura lenyewe, kwa kuwa mvuke umenaswa kati ya ngozi mbili. Omba yenye chumvi tu. Wauzaji wengi humpa mteja moja iliyokunjwa na chumvi wakati anangoja kilo yake.

Nixtamal pia hupunguza sumukuvu, lakini tahadhari inahitajika. Sehemu ya sumu huondoka na maji na maganda, nyingine huweza kurudi katika hali yake tumboni penye asidi, hivyo chokaa haiyafanyi mahindi yaliyooza kuwa salama. Kenya iliwapoteza watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yenye ukungu hutupwa. Ukungu huo usichanganywe na huitlacoche, fangasi mwingine kabisa anayevimbisha punje za mahindi mabichi zikawa nyeusi, ambaye Meksiko huuzwa kwa bei nzuri na kutiwa ndani ya quesadilla, yaani tortilla iliyokunjwa.

Anayetaka kujaribu nyumbani atafute mahindi makavu mazima ambayo hayajapakwa dawa ya mbegu, na chokaa ya kuliwa, kamwe si ya kupakia nyumba. Sembe na dona havifai, kwa sababu punje imeshavunjwa na chokaa haina ganda la kufanyia kazi. Na apikie kwenye chungu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwani sufuria zetu nyingi ni za alumini, na chokaa huila alumini.