Je, Wajua? Twiga wa Mtaa wa Gizenga

Zile picha za tingatinga zinazoning'inia madukani Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, hazikuzaliwa Unguja. Mwasisi wake, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuzichora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza kazi. Na twiga na tembo, kwa taarifa yako, porini Unguja hawapo!

Ukitaka cha kisiwani hasa, ulizia kofia ya viua. Hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, na iliyo bora huchukua miezi. Ndiyo maana bei yake humshtua mgeni. Au chukua mkoba wa ukili. Au sabuni ya mwani ya Paje, zao lililoanza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki mnamo 1989.

Bangili ya gamba la ng'amba iache hapo hapo. Kasa huyo analindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na forodha wanaweza kukunyang'anya uwanja wa ndege.